Jaribio la mwanao la choroko na maji ya kisima: lipangwe hivi

Dada, umeeleza kwamba mwanao wa kidato cha pili anataka kuonyesha kuwa chumvi ya maji ya kisima chenu huko Kigamboni inazuia mbegu kuota. Mpango wake ni vikopo viwili vya choroko, kimoja cha maji ya kisima na kingine cha maji ya dukani, na umeuliza kama inatosha. Haitoshi. Nasema hivyo kwa sababu kosa la aina hiyo nimelifanya mwenyewe, tena nikiwa mwalimu.

Nilifundisha baiolojia miaka kadhaa upande wa Temeke. Mwaka wangu wa kwanza wanafunzi walipanda maharage kwenye chupa za maji zilizokatwa. Za maji ya bomba tuliziweka dirishani. Za maji ya chumvi zilikaa kwenye rafu ya ndani, karibu na ndoo, ili kumwagilia kusiwe na usumbufu. Baada ya wiki moja na nusu miche ya chumvi ilikuwa mirefu kuliko ile ya bomba! Watoto wakaandika kwa furaha kwamba chumvi hurefusha mmea, nami nikasahihisha, nikaweka vema. Siku mbili baadaye, nikiwa kwenye daladala, ndipo nikakumbuka miche yenyewe ilivyokuwa: myembamba, ya njano, imeinama. Mmea ukikosa mwanga hurefuka haraka kuutafuta. Tulichokuwa tumekipima wiki ile nzima ni giza la rafuni. Nilirudi darasani nikawaambia kwamba nimewapa vema kwa jibu lisilo sahihi, na tukaanza upya.

Sasa turudi kwa kijana. Kwanza aamue anauliza nini hasa: maji ya kisima au chumvi? Maji ya kisima yana chumvi ya kawaida, lakini yana madini mengine pia, na pengine uchafu. Choroko zikigoma kuota, hatajua nani kazigomesha. Kama anachoshuku ni chumvi, basi chumvi ndiyo ibadilike peke yake, na maji yote yatoke chanzo kimoja.

Nadharia tete yake, yaani dai analotaka kulipima, aiandike kwa namna inayoweza kushindwa. "Maji ya chumvi ni mabaya kwa mimea" haipimiki, maana hajasema mabaya kwa lipi. Aandike hivi: "Kadiri chumvi inavyoongezeka kwenye maji, ndivyo choroko chache zaidi zitakavyoota ndani ya siku 5." Hapo mtu yeyote anaweza kuhesabu na kumwambia umepata au umekosa.

Kuandaa maji ni rahisi. Kama shule ina mizani, apime gramu 25 za chumvi kwa lita moja ya maji. Kama haina, robo kilo iliyopimwa dukani aikoroge kwenye lita 10, uwiano ni uleule. Bahari yenyewe ina takriban gramu 35 kwa lita, kwa hiyo hayo bado ni makali mno. Achukue nusu lita yake, aongeze nusu lita ya maji yasiyo na chumvi, apate 12.5. Nusu lita ya hayo aizimue vilevile, apate kama 6, kisha kama 3. Atumie ngazi hizo tatu za mwisho (12.5, 6 na 3), pamoja na maji matupu yasiyotiwa kitu, ambayo ndiyo kidhibiti, yaani kundi la kulinganishia. Bila kidhibiti hatajua kama mbegu zenyewe zilikuwa nzima. Maji ya kisima anaweza kuyaweka kama kundi la tano, ila matokeo yake yahusu kisima hicho tu, asiyachanganye na hoja ya chumvi.

Mbegu zote zitoke mfuko mmoja, achague zisizotobolewa na wadudu. Asichanganye za jikoni na zile za duka la pembejeo, kwani hizo mara nyingi zimepakwa dawa. Kila kundi liwe na bakuli nne za plastiki zenye mifuniko, kila bakuli mbegu 10, tishu idadi ileile, maji mililita zilezile (bomba la sindano kutoka duka la dawa linatosha kupimia). Msisitizo wangu uko kwenye bakuli nne. Mbegu 40 kwenye bakuli moja zinashiriki bahati moja: likiingia ukungu au likipigwa jua, zote zimeathirika pamoja. Akiwa na nne, ataona hata bakuli za maji matupu hazilingani. Tofauti hiyo ndiyo itakayompa kipimo cha kujua kama pengo kati ya makundi ni kubwa kweli au ni bahati tu.

Mahali pa kuweka bakuli asichague kwa macho. Aandike namba kwenye vikaratasi, apige kura. Mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher ndiye aliyeifanya bahati nasibu ya namna hii kuwa kanuni, alipokuwa akishughulikia majaribio ya mashamba kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, miaka ya 1920. Alijua kuwa shamba halilingani kila kona, kama ambavyo rafu yangu haikulingana na dirisha.

Kuota nako kuwe na maana moja: mzizi umetoka angalau milimita 2. Hesabu ifanyike kila siku saa ileile. Na namuomba sana asihesabu yeye. Bakuli ziwe na namba tu, ahesabu rafiki yake asiyejua lipi lina chumvi. Mtoto anayetamani jibu fulani huona mzizi pale unapomfaa, bila hata kukusudia kudanganya.

Kuna mtego mmoja wa joto letu la Dar. Maji hupaa, chumvi hubaki. Akiongezea maji ya chumvi kila siku, ile gramu 3 itapanda kimyakimya. Afunike bakuli, na ikibidi kuongeza, aongeze maji matupu kiasi kilekile kwa zote.

Siku ya tano mbegu ambazo hazikuota asizitupe. Azioshe vizuri, aziweke kwenye maji matupu siku tatu nyingine. Zikiota, chumvi ilikuwa inazinyima maji tu, haikuziua. Zisipoota, hapo ana swali jipya la kumpelekea mwalimu wake, na mimi pia ningependa kulisikia jibu.