Kupandisha zawadi hakutawarudisha: jibu kwa ndugu wa Nanyuki kuhusu mashindano ya kulenga mezani

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Ndugu yetu wa Nanyuki ameeleza kwamba klabu yao ilianzisha mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki iliyoegemezwa juu ya meza, kwanza yadi 600, baadaye yadi 1000. Siku ya kwanza meza zilijaa. Sasa wamebaki watu wale wale watano, mshindi ni yuleyule kila mara, na kamati inafikiria kupandisha zawadi. Anauliza afanye nini apate wapya na asiwapoteze waliopo. Mimi ni katibu wa mashindano katika klabu ndogo huku Malindi, na suala hili nimelihangaikia sana, kwa hiyo mnivumilie nikijibu kwa urefu.

Zawadi iacheni kwanza. Zawadi kubwa humfurahisha anayeshinda tayari, na huyo hahitaji kubembelezwa, atakuja tu. Anayeamua kama mashindano yenu yataishi ni mtu wa saba, wa tisa, wa kumi na mbili. Huyo ameamka alfajiri, ametia mafuta gari, amelipa ada, amemaliza risasi zake za bei ghali, kisha anarudi nyumbani mikono mitupu. Njiani anajiuliza: leo nimepata nini? Akikosa jibu hamtamwona tena, na hatawaambia sababu. Atasema kazi zimembana.

Sisi tuliwafuata waliotuacha, mmoja mmoja, tukakaa nao barazani kwa kahawa na kuwauliza bila kuwalaumu. Hakuna aliyetaja zawadi. Walitaja kungoja muda mrefu juani, na matokeo kutumwa kwa simu siku kadhaa baadaye wakati hamu imeshakwisha. Na wengi, baada ya kuzunguka, walifika kwenye upepo. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kulenga masafa haya ni kupambana na upepo. Chukua risasi ya kawaida ya .308 (yaani kipenyo chake ni inchi 0.308) uipige yadi 1000, yaani kama mita 914. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisukuma kando zaidi ya mita 2. Kwetu Malindi, msimu wa kusi, upepo wa namna hiyo hakuna anayeuona kuwa mkali. Sasa fikiria siku ya mashindano. Zamu ya kwanza inakaa mezani saa moja na nusu asubuhi, bendera zote zimelala. Zamu ya nne inakaa saa tano, upepo umeamka, bendera ya karibu inavuta kulia na ile ya mbali inavuta kushoto. Halafu kamati inachukua matokeo yote na kuyapanga kwenye karatasi moja, wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu wa zamu ya nne huenda amelenga kuliko alivyowahi kulenga maishani mwake, lakini karatasi inasema yeye ni wa kumi na nane. Mtu huamini karatasi. Anahitimisha kwamba hajui kulenga, na bunduki inarudi kabatini.

Dawa ya jambo hili wenzetu waliipata zamani. Kule Williamsport, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kuna klabu iliyoanzishwa mwaka 1967 ambayo ndiyo iliyoujenga mchezo huu wa mezani wa yadi 1000. Utaratibu wao ni kwamba kila zamu ina mshindi wake, na washindi wa zamu ndio wanaokutana mwishoni kutafuta mshindi wa siku. Maana yake unapimana na watu waliokaa mezani dakika zilezile, wakasukumwa na upepo uleule. Tulipouchukua utaratibu huo sura ya siku ilibadilika mara moja. Klabu yenye zamu nne ina watu wanne waliosimama kupigiwa makofi, na bingwa wenu wa kila siku anachukua zamu moja tu kabla ya fainali. Pangeni zamu kwa kura, hadharani, ili mtu asidhani kuna aliyepewa asubuhi tulivu kwa kujuana.

Jambo la pili ni vifaa. Mchezo huu kwa sheria zake za asili una madaraja mawili makuu. Bunduki nyepesi isizidi ratili 17, kama kilo 7.7, na hupigwa risasi 5. Bunduki nzito hupigwa risasi 10 na uzito wake hauna kikomo. Zote mbili ni za kuundwa na fundi: mtutu mnene, kitako kipana, darubini kubwa. Kijana anayekuja na bunduki yake ya dukani akawekwa kando ya mashine kama hiyo ameshindwa kabla hajaketi. Fungueni daraja la bunduki za dukani, vile zilivyotoka kiwandani, zikae kwenye miguu yake ya mbele au juu ya mifuko ya mchanga, na daraja hilo lipewe heshima sawa na madaraja mengine: lianze mapema, litangazwe kwa sauti ileile. Huku kwetu ndilo daraja lililojaa kupita yote, na wachache kati yao sasa wanaweka akiba ya mtutu mpya bila kusukumwa na mtu.

Angalieni pia ulengaji unaoitwa F-Class, ambao ni ndugu wa karibu wa huu wetu ingawa watu hulala chini badala ya kukaa mezani. Ulianzishwa na George Farquharson wa Kanada, kwa kuwa walengaji wa siku nyingi walikuwa wanaacha mchezo: macho yameisha nguvu, mikono haiwezi tena kushika bunduki kwa ukanda. Akawapa darubini na egemeo, wakabaki. Leo una mashindano yake ya dunia. Na ndani yake lipo daraja la F-TR, lenye risasi za aina mbili tu, .223 na .308, na uzito usiozidi kilo 8.25, ili fedha zisiwe ndizo zinazolenga. Nawatajia haya kwa sababu mchezo huo ulikua pale mtu mmoja alipowatazama waliokuwa wakiondoka akauliza nini kinawatoa. Wazee wenu wako wapi siku hizi? Wa kwetu mmoja alikuwa hajafika uwanjani kwa muda mrefu. Tatizo lilikuwa kiti: kigoda cha saruji kisichoweza kusogezwa, na goti lake halikunji. Tukamwekea kiti cha mbao chenye urefu wake. Yupo kila mwezi.

Kuhusu bingwa wenu, tafadhali msimtungie sheria za kumpunguza. Ataudhika, na wengine wataona ushindi wao ni wa kuazima. Mpeni kazi. Kwetu mshindi wa mashindano yaliyopita huwekewa mgeni kando yake, na akimaliza zamu yake mwenyewe anakaa naye na kumsomea upepo.

Nilishuhudia jambo hili likifanya kazi kwa dada mmoja mwalimu kutoka Kilifi, siku yake ya kwanza katika yadi 600. Risasi zake za kupimia zilikuwa zinatua huku na kule, na alikuwa ameshaanza kulaumu bunduki. Bingwa akamwambia aache kutazama shabaha. Akamwonyesha namna ya kuirudisha nyuma kidogo darubini ya kuangalilia, ile iliyo kando ya meza, hadi ione vizuri nusu ya njia badala ya mwisho wake. Pale mazigazi yakajitokeza, yale mawimbi ya joto juu ya ardhi, yakitiririka kutoka kushoto kwenda kulia. "Haya ndiyo yako," akamwambia. "Yakienda hivi, piga. Yakisimama na kuchemka kwenda juu, ondoa kidole." Yakachemka. Dada akangoja, kidole nje, jasho linamtiririka kwenye ncha ya pua. Yakaanza tena kutiririka, akapiga. Tano zile zikakaa pamoja kiasi cha kufunikwa na kiganja. Hakushinda zamu yake, lakini alibaki akishika ile karatasi hadi tunafunga, na mashindano yaliyofuata alikuja na mwenzake wa shuleni.

Karatasi hiyo ndiyo zawadi ninayoitetea kwa nguvu zote. Wekeni watu wawili wenye kalipa, kile kifaa cha kupimia umbali mdogo kwa usahihi, chini ya banda, wapime kila kundi, yaani matundu ya risasi za mtu mmoja yalivyokaribiana, mara shabaha inapoletwa, wakati zamu nyingine inalenga. Andikeni kipimo, tarehe na upepo ulivyokuwa, msimamizi atie saini, itundikwe ukutani watu waizunguke na kubishana, na jioni kila mtu aende na yake. Halafu mwe na daftari la kundi bora la kila mshiriki, na mwisho wa siku msomeni kwanza yule aliyeipita rekodi yake mwenyewe, kabla hamjamtaja mshindi. Mtu wa kumi na mbili akisomwa wa kwanza mbele ya watu, ile safari ya kurudi nyumbani inakuwa fupi.

Wapya mtawapata wapi? Wako karibu kuliko mnavyodhani: watu wenye leseni wanaolenga bastola tu mwaka mzima, askari wastaafu, watu wa ranchi. Kinachowazuia ni gharama na hofu ya kuaibika. Wafungulieni asubuhi moja ya .22 mezani, mita 50. Mifuko ni ileile, pumzi ni ileile, kidole ni kilekile, na upepo unaichezea .22 hata katika umbali huo kiasi cha kumfundisha mtu adabu. Risasi zake ni za bei nafuu. Duniani kuna mashindano kamili ya mezani ya .22, kwa hiyo hakuna atakayeona amewekwa na watoto. Silaha zitumike kwa utaratibu ambao kibali cha klabu kinauruhusu na chini ya macho ya msimamizi wa uwanja. Hapo hapana mzaha, kosa moja la usalama litawafungia mlango wapya na wa zamani pamoja.

Majirani nao ni sehemu ya mashindano. Sisi tuko pwani ya kaskazini, na baada ya mashambulizi ya watu wenye silaha huko Mpeketoni, Lamu, mwaka 2014 mlio wa bunduki Jumamosi asubuhi si jambo dogo kwa mama aliye shambani. Tunamwarifu chifu na kituo cha polisi, tunapita kwa mzee wa kijiji siku chache kabla, na vijana wa kijiji hicho ndio tunaowalipa kubadilisha shabaha na kushona bendera. Bendera zetu ni vipande vya leso kuukuu kwenye fito za mikoko, na zinasoma upepo vizuri kabisa. Kijana mmoja aliyeanza kwa kubeba fito leo ndiye anayepima makundi kwa kalipa, na jicho lake nalitegemea kuliko langu.

Siku yenyewe iwe fupi. Huku tunaanza saa moja asubuhi na risasi ya mwisho inapigwa kabla ya adhuhuri, watu waswali, wale, watawanyike. Jua la saa nane halina faida kwa yeyote, mitutu inapata moto na mazigazi yanaivuruga shabaha hadi hutofautishi duara na duara. Wekeni kivuli cha kutosha, maji, na choo safi chenye mlango unaofungika. Msipokuwa nacho msishangae kwamba wanawake hawaji. Mahamri na mbaazi asubuhi yamewahi kutuletea familia nzima, na baba aliyekuja na wanawe haoni haraka ya kuondoka. Watoto wavalishwe vizuia masikio kama watu wazima.

Tarehe isihamehame. Ikiwa ni Jumamosi ya pili ya mwezi, iwe hiyo hata wakija wanne. Sisi tunasimama Ramadhani, na masika yakizidi njia haipitiki, lakini ratiba ya mwaka mzima hutolewa mapema ili mtu wa Mombasa, aliye kilomita kama 120, ajue anaomba ruhusa lini. Kwa wanaotoka Nairobi tunaunganisha mashindano mawili katika wikendi moja, bunduki nyepesi Jumamosi na za dukani Jumapili, maana hakuna anayekuja mwendo wote huo kupiga risasi tano.

Fedha mliyotaka kuiongeza kwenye zawadi ipelekeni kwenye ada ya wanaokuja mara ya kwanza, wasilipe. Kinachobaki nunueni kalipa mbili nzuri na mbao za banda. Zawadi ndogondogo, chupa ya mafuta ya kusafishia mtutu au boksi la .22, zitoeni kwa bahati nasibu kwa kila aliyekaa hadi mwisho.

Kisha pigeni simu kwa wale waliowaacha. Msitume ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, mpigie kila mmoja, kwa jina lake, umweleze kilichobadilika na umwambie zamu yake ni saa ngapi. Upepo wa kusi ukishapungua huku, wachache wetu tunataka kupanda huko kwenu na bunduki za dukani. Tuwekeeni meza, na mtukutanishe na huyo bingwa wenu. Tuna vijana wanaotaka kusomewa upepo wa mlimani.