Kabla hujanunua chanjo ya mbegu, soma imeandikiwa zao gani

Wakulima wa soya na maharage ninaofanya nao kazi Nyanda za Juu Kusini nawaambia kila msimu: bei ya chanjo ije baadaye, kwanza soma zao lililoandikwa kwenye pakiti. Chanjo hii ni bakteria hai wanaopakwa kwenye mbegu; huishi kwenye vinundu vya mizizi na kuupa mmea naitrojeni. Chanjo ya soya haisaidii maharage, na sababu yake imo kwenye jeni za bakteria waliomo.

Bakteria hao, rizobia, wana protini iitwayo NodD. Inatoka kwenye familia ya LysR, familia kubwa ya protini zinazowasha na kuzima jeni nyingine. Bakteria wa udongoni wanazo nyingi za aina hii, maana udongo haukai hali moja: leo umelowa, wiki ijayo umekauka, chakula kipo au hakipo. NodD hukaa imeshika DNA ikingoja hodi ya mzizi. Mzizi wa soya hutoa kemikali kama jenisteini. NodD ikiipata, jeni za nod, yaani za kuanzisha vinundu, zinawaka, bakteria wanatoa ishara yao, kinyweleo cha mzizi kinajikunja na kuwaingiza ndani. Lakini mmea nao lazima uitambue ishara hiyo, na maharage hayaitambui ya kila bakteria. Rizobia wa maharage aina ya CIAT 899 wana jeni za nodD tano; rizobia wa soya, Bradyrhizobium aina ya USDA 110, wana mbili. Kwangu mimi hilo linaonyesha jinsi bakteria hawa wanavyotofautiana.

Kunde na karanga zina nafuu, kwani mara nyingi hupata bakteria wa kuzifaa palepale shambani.

Usimwage urea wakati wa kupanda. Mmea ukishiba naitrojeni haujishughulishi kutengeneza vinundu. Fosforasi ndiyo unayoihitaji, hata mbolea ya fosfati ya Minjingu inafaa kwenye udongo wenye tindikali. Mbegu ichanjwe kivulini na ipandwe siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu.

Soya ikianza kutoa maua, chimba mche kwa jembe, usiung'oe, vinundu vitabaki ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, kinafanya kazi: rangi hiyo ni ya leghemoglobini, inayopunguza oksijeni ili NifA, protini nyingine ya udhibiti, iwashe jeni za kubadili naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Kikiwa cheupe au kijani miche yote unayochimba, weka mbolea ya kukuzia mapema, na msimu ujao tafuta chanjo nyingine.