Ukitaka kuandika historia ya Amethi, anza na masanduku ya kura

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Anaandaa makala ndefu kuhusu jimbo moja la vijijini nchini India, amechagua Amethi, na anauliza kwa nini rasimu yake inakataa kusimama. Jibu liko ukurasa wa kwanza: ameanza na Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India. Nehru hakuwahi kugombea Amethi. Alifariki mwaka 1964, na jimbo lenyewe lilipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Makala nyingi kuhusu Amethi ni habari za ukoo mmoja, wa Nehru na Gandhi, zilizobandikwa jina la mahali, na wapiga kura wa pale hawastahili kuandikwa hivyo.

Anza na mipaka. Jina Amethi lina mambo manne ndani yake: mji, wilaya, kiti kimoja cha bunge la Uttar Pradesh, mkoa wa kaskazini mwa India, na jimbo la Lok Sabha, yaani bunge la taifa. Jimbo hili kubwa limeunganisha viti vitano vya bunge la Uttar Pradesh: Tiloi, Salon, Jagdishpur, Gauriganj na Amethi. Salon na Jagdishpur vimetengewa wagombea wa jamii za Dalit, zilizowekwa chini kabisa katika matabaka ya Kihindu. Salon iko wilaya ya Rae Bareli, na vinne vilivyobaki viko wilaya ya Amethi, ambayo iliundwa mwaka 2010 kutoka sehemu za Sultanpur na Rae Bareli. Kwa hiyo ukikuta gazeti la 1984 linasema mgombea alikuwa akizunguka vijiji vya Sultanpur, usilisahihishe. Kumbuka pia kwamba mipaka ya majimbo India ilichorwa upya mwaka 2008 kwa kutumia sensa ya 2001. Linganisha ramani mbili kabla ya kulinganisha kura za 2004 na za 2009.

Halafu chora jedwali. Mwaka, mshindi, chama, kura zake, wa pili, kura zake, tofauti, na safu ya mwisho ambayo wengi huiacha: nani alishika nafasi ya tatu, na chama gani kikubwa hakikusimamisha mtu. Chukua takwimu kwenye ripoti za Tume ya Uchaguzi ya India, si kwenye magazeti. Angalia alama za mkato: Wahindi huandika 5,39,228, nasi huandika 539,228. Mwandishi asiyejua hilo huona kosa la uchapaji, akajaribu kurekebisha, akaharibu.

Chaguzi ndogo ndizo hupotea kwanza. Sanjay Gandhi, mtoto wa Indira Gandhi na mjukuu wa Nehru, alishinda Amethi Januari 1980, akafa kwenye ajali ya ndege Delhi tarehe 23 Juni mwaka huohuo. Kaka yake Rajiv aliingia kwa uchaguzi mdogo wa 1981. Mwaka 1991 Amethi ilipiga kura tarehe 20 Mei, na Rajiv akauawa Sriperumbudur, Tamil Nadu, usiku wa tarehe 21. Kura zilipohesabiwa, marehemu alikuwa ameshinda. Uchaguzi mdogo uliofuata ulimpa kiti Satish Sharma wa Congress, chama cha ukoo huo. Ukiruka hilo, mwaka 1998 hutaelewa ni nani aliyeshindwa.

Ukishakuwa na jedwali, tafuta pale ambapo "ngome" ilivunjika. Mara ya kwanza ni 1977. Sanjay Gandhi, mtoto wa waziri mkuu aliyekuwa madarakani, alishindwa na Ravindra Pratap Singh wa Janata Party kwa zaidi ya kura 75,000. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Juni 1975, na kampeni ya kufunga uzazi ilikuwa imewafikia wanaume wa vijijini kwa nguvu. Sanjay ndiye aliyekuwa sura ya kampeni hiyo, na wanakijiji walipata karatasi ya kumjibia. Mara ya pili ni 1998, Sanjaya Sinh wa BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, naye mtu wa nyumba ya kifalme ya Amethi, alipomshinda Satish Sharma kwa kura 23,270. Usimchanganye na Sanjay Gandhi. Mwaka mmoja baadaye Sonia Gandhi, mjane wa Rajiv, alimshinda huyohuyo Sinh kwa kura 300,012. Sonia alikuwa ameshinda pia Bellary, Karnataka, na kwa kuwa sheria haimruhusu mtu kushika viti viwili, aliiachia Bellary.

Hata ukoo wenyewe haukuwa kitu kimoja. Mwaka 1984 Maneka, mjane wa Sanjay, aligombea kama mgombea binafsi dhidi ya shemeji yake Rajiv, akaachwa kwa zaidi ya kura 314,000. Alipoteza na dhamana yake, kwa sababu India mgombea asiyefikisha moja ya sita ya kura halali harudishiwi pesa.

Sasa 2019, ambapo karibu kila mtu anaandika kwamba Amethi "ilimkimbia" Rahul Gandhi, mtoto wa Rajiv na Sonia. Weka namba mbili kando kwa kando. Mwaka 2014 Rahul alipata kura 408,651. Mwaka 2019, alipata 413,394. Kura zake ziliongezeka kwa 4,743, na akashindwa. Aliyepanda ni Smriti Irani wa BJP: kutoka 300,748 hadi 468,514, nyongeza ya 167,766. Sasa rudi kwenye ile safu ya mwisho. Mwaka 2014 mgombea wa BSP, chama chenye mizizi kwa Dalit, alipata 57,716 na Kumar Vishvas wa chama cha Aam Aadmi 25,527. Mwaka 2019 BSP haikusimamisha mtu, na kiongozi wake Mayawati aliwaambia wafuasi waipigie Congress. Kama wangemsikia wote, nyongeza ya Rahul ingekuwa mara nyingi zaidi. Na hata ukimpa Irani kura zote 83,243 za BSP na Aam Aadmi, bado kura 84,523 za nyongeza yake zilitoka kwingine. Hapo ndipo penye utafiti: wapiga kura wapya, waliokuwa hawaendi kituoni, na miaka mitano ambayo Irani, aliyeshindwa 2014, aliendelea kurudi jimboni huku Rahul akionekana kwa nadra.

Dalili zilikuwapo mapema kwenye viti vidogo. Mwaka 2012 Congress ilipata viwili kati ya vitano, Tiloi na Jagdishpur. Mwaka 2017, ikiwa imeungana na Samajwadi Party, chama kikubwa cha Uttar Pradesh, haikupata hata kimoja. Usiandike historia ya mbunge wa taifa bila kuwatazama hawa watano chini yake.

Kuhusu matabaka, kuwa mkali sana. Sensa za India tangu uhuru hadi ile ya 2011 zilihesabu jamii zilizoorodheshwa rasmi tu, yaani Dalit na makabila ya asili. Asilimia za Wabrahmin, Wathakur au Wayadav unazozikuta kwenye magazeti ni makisio, mara nyingi ya vyama. Ukizitumia, sema ni makisio ya nani.

Kila mradi wa maendeleo ulioahidiwa jimboni uandikie tarehe mbili: jiwe la msingi na siku ya kufunguliwa. Kiwanda cha vifaa vya ndege Korwa, kiwanda cha BHEL, kampuni ya serikali ya mitambo ya umeme, Jagdishpur, chuo cha petroli Jais: vipo. Mradi mkubwa wa kusindika vyakula Jagdishpur uliwekewa jiwe mwaka 2013, ukafutwa, na vyama vikalaumiana bungeni mwaka 2015. Soma pande zote mbili, kisha uliza mkulima wa ngano na mpunga angepeleka mazao yake wapi.

Kwa 2024, usiishie kwenye jumla. Kishori Lal Sharma, aliyefanya kazi za Congress jimboni tangu miaka ya 1980 bila kugombea, alipata 539,228 dhidi ya 372,032 za Irani. Safari hii Samajwadi Party ilikuwa upande wake, na BSP ilisimamisha mtu aliyepata 34,534. Chukua Fomu 20, inayoonyesha kura za kila kituo, ukaipange kwa viti vitano, kisha ufanye hivyo kwa ile ya 2019. Namba za vituo hubadilika kati ya uchaguzi na uchaguzi, kwa hiyo linganisha kwa jina la kijiji na la shule, si kwa namba.