Maswali ya Wasomaji: Mrushaji Anapogeuka Kocha

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mama ninayeishi Marekani pamoja na familia yangu. Binti yetu yuko mwaka wa nne katika chuo cha daraja la pili, ambako anacheza softiboli kama mrushaji. Anasomea sayansi ya mazoezi, lakini anasema akihitimu hataki kazi nyingine isipokuwa kuwa kocha wa chuo. Baba yake anasema mchezo si kazi. Mimi sijui nimuunge mkono nani, kwa sababu sijui kazi hiyo inaanzia wapi wala inampeleka mtu wapi. Naomba maelezo. (Mama wa Mrushaji)

JIBU: Mama, salamu zako nimezipokea. Nianze na hoja ya mzee, maana ina ukweli ndani yake. Ukocha wa softiboli, mchezo wa jamii ya besiboli, katika vyuo vya Marekani ni kazi kamili yenye mkataba, mshahara na bima kwa wale waliokwisha kupanda ngazi, lakini miaka yake ya mwanzo mara nyingi haimlishi mtu, na wengi huishia hapo. Hadi mwaka 2023, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu timu ya daraja la kwanza kuwa na kocha wa kujitolea, yaani mtu aliyefanya kazi bega kwa bega na wenzake bila mshahara wa chuo, akijikimu kwa kufundisha watoto wa watu jioni na kwa kambi za likizo. Tarehe 1 Julai 2023 nafasi hiyo ilifutwa, na timu zikaruhusiwa kuajiri msaidizi wa tatu anayelipwa. Kuruhusiwa, bila shaka, si kulazimishwa, na chuo chenye mfuko mwembamba kinaweza kuiacha nafasi hiyo wazi.

Kwa msichana aliye katika hali ya binti yako, mlango wa kawaida ni kuwa msaidizi aliye masomoni. Chuo humlipia ada ya shahada ya pili, yote au sehemu yake, na kumpa posho ndogo, naye hufundisha warushaji, huhariri video za mechi, hupanga safari na hubeba ndoo za mipira. Baada ya hapo hutafuta nafasi ya kocha msaidizi katika chuo kidogo, kisha kikubwa zaidi, na baada ya miaka kadhaa anaweza kukabidhiwa timu yake mwenyewe. Karibu kila hatua humaanisha kuhamia mji mwingine. Beth Torina, aliyekuwa mrushaji wa Chuo Kikuu cha Florida, alipitia usaidizi, akawa kocha mkuu wa chuo kikuu cha FIU kule Miami, na ndipo akapewa timu ya LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ambayo ameifundisha tangu msimu wa 2012 na kuifikisha mara nne katika fainali za kitaifa zinazochezwa Oklahoma City. Rhonda Revelle, kwa upande mwingine, alirusha mpira kwa Chuo Kikuu cha Nebraska mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenda kufundisha kwingine, akarudi kuwa kocha mkuu wa chuo chake mwaka 1993, na hajaondoka tena. Safari ya namna ya Revelle ni ya wachache, na binti yako asiipange maisha yake kwa kuitegemea.

Kuhusu kazi yenyewe, watu huona mechi tu. Msimu huanza Februari na, kwa timu bora, huisha mwanzoni mwa Juni. Majira ya kiangazi kocha msaidizi huyamaliza kando ya viwanja vya mashindano ya vijana akitafuta wachezaji, na katika vuli kuna mazoezi na ziara za wasichana wanaofikiria kujiunga. Tangu 2018 kocha wa daraja la kwanza haruhusiwi kuzungumza na mchezaji kuhusu kujiunga na chuo kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Kanuni hiyo ilikuja baada ya miaka ambayo watoto wa darasa la nane walikuwa wakiahidiwa nafasi za chuo, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa aibu kwa kila mtu mzima aliyehusika. Isitoshe, sasa wachezaji huhama chuo kwa urahisi, hata kocha hulazimika kuwasajili upya, kila mwaka, wale alio nao tayari.

Lakini hayo yote binti yako atayajua akiwa kazini. Ninalotaka mlitazame mapema ni jingine, yaani kama ufundi alio nao mkononi anaweza kuutoa kwa maneno. Katika softiboli ya vyuo mrushaji husimama futi 43 kutoka kwa mpigaji, yaani takriban mita 13, akauzungusha mkono mzima na kuuachilia mpira karibu na nyonga. Mpira wa kilomita 110 kwa saa humfikia mpigaji katika muda usiofika nusu sekunde. Ndani ya muda huo mrushaji hutaka mpira uzame ghafla, au upinde, au uje polepole huku mkono ukionekana kuwa na kasi ileile. Upo pia ule mpira unaosifiwa kwamba hupanda, ambao kwa kawaida haupandi, bali hushuka kidogo kuliko jicho linavyotarajia kwa sababu huzunguka kinyumenyume unapokwenda. Mrushaji mwenye kipaji huyafanya haya bila kuwaza. Kocha lazima ayawaze, tena ayawaze katika mwili usio wake, kwa msichana aliye mrefu zaidi, mwenye nyonga nzito zaidi, au aliyefundishwa tangu utotoni kukunja kiwiko kwa namna tofauti. Kosa linaloonekana zaidi kwa makocha vijana waliokuwa warushaji ni kutaka kila mwanafunzi arushe kama wao walivyorusha, na mwanafunzi akishindwa wakadhani hajitumi.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana kama hii ni kazi au si kazi, mwambieni afanye mambo mawili. La kwanza, afundishe kwenye kambi ya watoto kiangazi hiki, achague mtoto ambaye mrusho wake haufanani kabisa na wake, na aone kama anaweza kumsogeza mbele bila kumbadilisha awe yeye. La pili, siku asiyopangwa kucheza aombe kukaa karibu na kocha anayechagua mirusho. Katika timu nyingi za vyuo mrushaji hajichagulii. Kocha hutaja namba kutoka benchi, mdakaji, yule anayeupokea mpira wa mrushaji nyuma ya mpigaji, huzitafuta kwenye kadi iliyofungwa mkononi, na tangu 2024 vinaruhusiwa pia vifaa vidogo vya kupokea maagizo ya upande mmoja. Binti aandike mrusho ambao yeye angeuchagua kila mara, na mechi ikiisha amwonyeshe kocha orodha yake na kumwomba aeleze tofauti. Akirudi nyumbani akiwa na hamu ya kuzungumzia mrushaji mwenzake kuliko yeye mwenyewe, basi mzee ana haja ya kusikiliza.

Shahada yake, kwa bahati nzuri, haitapotea. Vyuo vinatumia vifaa vinavyopima mzunguko na mwelekeo wa mpira, na anayejua misuli na mwendo wa mwili hulisoma jedwali la namba kwa faida kubwa kuliko aliyerusha tu. Kuhusu fedha, kubalianeni kama familia ni kwa miaka mingapi mtamsaidia kodi ya nyumba, na muda huo autaje yeye mwenyewe mbele ya baba yake.

SWALI: Nimesoma kwamba Lisa Fernandez ana medali tatu za dhahabu za Olimpiki na amefundisha UCLA, Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, kwa miaka mingi akiwa msaidizi. Iweje mrushaji bora kuliko wote asiwe kocha mkuu, huku timu ikiongozwa na mtu ambaye wengi hawalijui jina lake?

JIBU: Huyo unayesema wengi hawalijui jina lake ni Kelly Inouye-Perez, kocha mkuu wa UCLA tangu 2007, na uhusiano wao ndio unaolifanya swali lako liwe zuri. Walicheza pamoja UCLA mwanzoni mwa miaka ya 1990, Fernandez akirusha na Inouye-Perez akidaka.

Fernandez hana haja ya kutetewa. Alishinda mechi 93 na kupoteza 7 katika miaka minne ya chuo, akatwaa ubingwa wa kitaifa mwaka 1990 na 1992, na mwaka 1993 aliongoza nchi nzima kwa mambo mawili yasiyokutana kwa kawaida: wastani wa kupiga, .510, yaani alifanikiwa katika zaidi ya nusu ya nafasi zake za kupiga, na uchache wa alama alizowapa wapinzani, 0.25 kwa mechi. Dhahabu zake ni za 1996, 2000 na 2004. Hata hivyo siku inayonifunza zaidi kumhusu ni ile ya Sydney mwaka 2000, alipowatoa wapigaji 25 wa Australia kwa straiki tatu, yaani walishindwa kuupiga mpira wake, rekodi ya Olimpiki, na bado Marekani ikafungwa 2 kwa 1 katika awamu ya 13, yaani zamu ya 13 ya timu hizo kupiga, kwa pigo moja lililovuka uzio. Mrushaji anaweza kufanya karibu kila kitu na akashindwa, kwa sababu ushindi unahitaji wenzake wapate alama. Siku chache baadaye alirudi kwenye duara la mrushaji na kushinda fainali dhidi ya Japani.

Sasa tazama mahali wanaposimama. Mrushaji huelekeza macho kwa mpigaji mmoja na glavu moja, na wenzake wengi wako nyuma yake. Mdakaji ndiye pekee anayeuona uwanja wote kwa mbele, anayemwona mchezaji wa kituo cha pili akisogea mapema, anayezungumza na mwamuzi, na anayejua mrushaji amechoka kabla mrushaji hajakubali. Sisemi kwamba warushaji hawawezi kuongoza, kwani Torina na Revelle niliowataja wanaongoza. Nasema kwamba mdakaji alikwisha kufanya nusu ya kazi ya kocha mkuu akiwa mchezaji, ilhali mrushaji anapaswa kujifunza kuutazama uwanja kutoka upande aliouzoea kuupa mgongo. Kocha mkuu, tena, hutumia sehemu kubwa ya siku kwa bajeti, wazazi, wafadhili na wakuu wa chuo. Anayependa kumfundisha msichana mmoja kuachilia mpira anaweza kuiona kazi hiyo kama adhabu.

Timu ya UCLA ilichukua ubingwa mwaka 2010 na 2019 huku wote wawili wakiwa kwenye benchi moja. Kwangu mimi, kumwita Fernandez mtu aliyekwama ni kuipima kazi kwa cheo pekee.

SWALI: Je, mwanamume aliyekuwa mrushaji anaweza kufundisha timu ya wasichana ya chuo?

JIBU: Anaweza, na wapo. Mike White alizaliwa New Zealand, akawa mmoja wa warushaji mashuhuri wa softiboli ya wanaume, akafundisha timu ya Chuo Kikuu cha Oregon kisha ya Chuo Kikuu cha Texas, na mwaka 2025 akaipa Texas ubingwa wake wa kwanza wa kitaifa. Mjadala uliopo si wa uwezo, bali wa nafasi. Sheria ya 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilifungua milango ya michezo kwa wasichana, na wanawake wengi wangependa kuona nafasi za kuongoza timu hizo zikiwaendea wale waliozicheza. Hoja hiyo naiona nzito, ingawa haimkanushi White.

SWALI: Binti yangu ni mrushaji wa sekondari hapa Marekani na anatafutwa na vyuo. Kocha wake alimpa mechi tatu katika siku mbili, akaniambia kurusha kwa mkono wa chini hakuumizi bega. Kocha huyo mwenyewe alikuwa mrushaji. Nimwamini?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, katika hilo usimwamini. Imani hiyo ni ya zamani na imeenea, lakini vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba bega la mrushaji wa softiboli, hasa msuli wa mbele ya mkono unaposhikana na bega, hubeba nguvu inayokaribia ile ya mrushaji wa besiboli. Tofauti ni kwamba kijana wa besiboli huhesabiwa mirusho na kupumzishwa kwa kanuni, ilhali hata softiboli ya vyuo haina kikomo cha mirusho. Kinga pekee ni busara ya kocha.

Kuwa mrushaji zamani hakuleti busara hiyo peke yake, na wakati mwingine huiondoa, kwa sababu aliyerusha na maumivu akashinda huhesabu maumivu kuwa sehemu ya malezi. Mwaka 2025 mrushaji NiJaree Canady, ambaye mkataba wake wa mwaka mmoja katika chuo kikuu cha Texas Tech ulizidi dola milioni 1, alirusha kila mpira wa timu yake katika fainali za Oklahoma City hadi siku ya mwisho. Katika mechi ya tatu dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas aliruhusu alama 5 ndani ya awamu ya kwanza, akatolewa, na timu ikafungwa 10 kwa 4. Sidai kwamba bega lake lilikuwa na jeraha. Ninachosema ni kwamba wapigaji waliokuwa wamemwona siku mbili mfululizo walikuwa wamemsoma, na hiyo nayo ni sababu ya kuwa na mrushaji wa pili anayeaminiwa.

Mtakapotembelea vyuo, ulizeni timu ina warushaji wangapi, na kila mmoja alirusha awamu ngapi msimu uliopita, kwani hesabu hizo huwa wazi kwa umma. Ulizeni pia ni nani mwenye neno la mwisho mrushaji akisema mkono unauma, kocha au mganga wa timu. Na mkiambiwa kwamba mrushaji bora hawezi kutolewa kwa sababu mechi itaharibika, kumbukeni kwamba kanuni za vyuo humruhusu mchezaji aliyeanza mechi kutoka na kurudi mara moja katika nafasi yake ya kupiga, kwa hiyo kumpumzisha kwa awamu mbili hakumaanishi kumpoteza kwa mechi nzima.