Pistoni nyeusi: kabla hujainunua, kapimishe bloku

Kila msimu wa karafuu ukikaribia, wenzangu wa bodaboda hapa Pemba huniuliza swali moja: "Kaka, ile pistoni yenye weusi ubavuni ina faida, au ni rangi tu ya kuuzia?" Si rangi. Lakini mie iliwahi kunitia hasara, na weusi wake huo huo.

Ule weusi ni mpako wenye grafaiti au molibdenamu disalfaidi, vilainisho vikavu. Unasaidia pale oili haijafika vizuri: unapopiga kiki asubuhi, au pistoni mpya inapozoeana na bloku, yaani silinda inamopanda na kushuka. Basi.

Mara ya kwanza niliiweka kwenye pikipiki ya cc 150. Fundi alichonga bloku, akaitumbukiza pistoni kwa mkono, akaona inateremka, akafunga. Siku ya nne natoka Wete na abiria na gunia, nimo mlimani na gia ya pili, injini ikakamata. Tulipofungua, mpako umekwanguka upande mmoja na alumini imegandia kwenye bloku.

Tulikuwa hatukupiga hesabu. Pistoni ya alumini ya milimita 56 ikiongezeka joto nyuzi 100 hutanuka kiasi cha milimita 0.11. Bloku ya chuma hutanuka kama 0.06 tu, kwa hiyo nafasi baina yao inapungua. Wenye injini za maji wana rejeta. Sie tuna mapezi ya kupoza yaliyozunguka bloku, na upepo, na ukipanda mlima polepole na mzigo upepo wenyewe huna. Juu ya hayo mpako nao una unene, mara nyingi milimita 0.01 hadi 0.02 kila upande. Muulize muuzaji, au soma karatasi ya kwenye boksi: nafasi iliyoandikwa imepimwa juu ya mpako au kwenye alumini tupu? Ukikosea hapo unabana injini, au unaiachia mpaka inagonga.

Mara ya pili nilipeleka pistoni na bloku pamoja kwa mchongaji mwenye mikrometa, kile kipimo cha unene mdogo sana. Alipima sketi, yaani ubavu wa pistoni, kwa chini, upande unaokatana na pini ya pistoni, kwa sababu pistoni si duara kamili. Kilomita 500 za mwanzo sikubeba gunia. Imemaliza msimu mzima.

Ule mpako wa kauri juu ya kichwa cha pistoni ni habari nyengine. Unazuia joto la moto lisizame kwenye pistoni, na kwenye mashindano una maana. Kwa bodaboda sijaona sababu, hasa kwa wanaobana kabureta ili "ile mafuta kidogo". Mafuta yakiwa machache mno kwa hewa inayoingia, injini inachemka, na hapo hakuna mpako utakaokuokoa.

Bei zikipishana kidogo, chukua nyeusi. Ikiwa hiyo tofauti inatosha kumlipa mchongaji mwenye mikrometa, chukua ya kawaida ukachongeshe.

Na ukwangue mapezi. Siku ile ilipokamata, yangu yalikuwa yamezibwa na udongo mwekundu wa njia za Konde, umekauka kama tofali. Fundi hakunambia, niliuona mwenyewe nilipoosha bloku nyumbani.