Wajukuu, gari la kulala ndani na njia ya Kyaka: jibu kwa mleta uzi

Mleta uzi, umeuliza mambo mawili: kama ni busara bibi kuwachukua wajukuu wa miaka saba hadi kumi na miwili kutoka Mwanza kwenda kuona maeneo ya Vita vya Kagera, vile tulivyopigana na Uganda ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na kama gari la kulala ndani linaiweza njia ile. Waliotangulia kuchangia wamekuambia watoto wataota ndoto za kutisha, heri uwapeleke Serengeti wakaone simba. Mimi ni bibi, muuguzi mstaafu, naishi Nyegezi, na safari hiyo nimeifanya na wajukuu zangu. Nenda nao. Na nenda kwa barabara, usipande meli ya usiku ukaamkia Bukoba, kwa sababu vita vile mtoto havielewi mpaka aione nchi yenyewe ilivyokaa, umbali wake na Mto Kagera wenyewe.

Nianze na gari, maana wengi wanakwamia hapo. Yale magari makubwa ya Wazungu yenye choo na jiko ndani si rahisi kuyapata huku kwetu, na wala huyahitaji. Sisi tulitumia Hiace ndefu ya mwanangu. Fundi seremala aling'oa viti vya nyuma, akaacha safu moja yenye mikanda, halafu akatupigia kitanda cha mbao cha kawaida kabisa, chini yake mna nafasi ya mabegi, madumu ya maji na sufuria. Mimi na wasichana tulilala ndani, mwanangu aliyekuwa dereva alilala na mvulana mkubwa kwenye hema dogo pembeni ya gari. Vyandarua tulivikata tukavishona kwenye madirisha ili tuache vioo wazi kidogo usiku.

Kwa hili naongea kama muuguzi, naomba unisikilize: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata kama unaona limebaki majivu. Ile hewa yake haina harufu, inaua watu usingizini. Mtungi wa gesi nao ulale nje. Jingine ni ziwa. Njiani mtoto ataona maji na atataka kuingia, hasa penye majani na maji yaliyotulia, na hapo ndipo kichocho kilipo. Wangu waliogea maji ya dumu safari nzima, walinuna, wakazoea.

Kulala tulikuwa tunaegesha ndani ya geti, kwenye parokia au gesti yenye uwanja. Unashuka, unamsalimia mwenyeji vizuri, unaeleza una watoto na unaomba choo na bafu kwa kulipia. Hakuna aliyetukatalia. Usilale kando ya barabara na usitembee usiku ukishavuka Geita.

Sasa vita vyenyewe. Usisubiri ufike Kagera ndipo uanze kusimulia. Anzia Capri Point, kilimani hapa Mwanza. Wasimamishe watoto pale juu waangalie kisiwa cha Saanane, uwaambie kwamba tarehe 29 Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, mtawala wa Uganda, ilikusudia kulipua matangi ya mafuta hapa Mwanza, ikakosa, makombora yakaangukia Saanane penye wanyama. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa na swala kadhaa wakafa. Mimi nilikuwa msichana wakati huo. Nakumbuka tulivyokuwa tukiambiwa tuzime taa usiku, na handaki lililochimbwa nyuma ya nyumba yetu, ambalo mvua ikinyesha lilijaa maji na vyura. Wajukuu zangu Saanane waliijua kwa pundamilia na picha za simu tu. Mkubwa aliniuliza, "Bibi, kwa hiyo vita vilifika hapa kwetu?" Tangu hapo safari ikawa yao, si yangu tena.

Njia ni Usagara, Kigongo, halafu daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za daraja juu ya maji. Sisi wazee tunaikumbuka foleni ya kivuko pale, malori, samaki wa kukaanga na kusubiri. Pita daraja hilo polepole. Waambie watoto wafikirie nchi yote hii bila daraja na bila lami, na jeshi linatakiwa lifike mpaka wa Uganda. Nyerere aliposema redioni tarehe 2 Novemba 1978 kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kubeba askari, na mgambo wakaitwa kutoka vijijini. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi. Kijana wa jirani yetu hakurudi.

Kutoka Sengerema, Geita na Chato hadi Kyamyorwa sina la kukuhadithia, ni mwendo wa kula miwa na kulala. Ukishaingia Muleba migomba inaanza na watoto wanachangamka wenyewe.

Hapo Muleba ndipo ninapotofautiana na watu wengi. Kaboya, penye makaburi ya mashujaa, utaipita kabla hujafika Bukoba, na kila mtu atakushauri usimame kwa kuwa iko njiani. Usisimame. Ipite, uende kwanza Kyaka, penye daraja la Mto Kagera, usimame Kaboya wakati wa kurudi. Mtoto akianzia makaburini ataona safu za makaburi ya watu asiowajua, atachoka haraka na atataka soda. Akianzia mtoni, akirudi anajua wale watu walikufa kwa ajili ya nini.

Bukoba tulilala, asubuhi tukashika barabara ya Kyaka. Kabla ya kuondoka nilichukua daftari nikawachorea ramani, na nakusihi ufanye hivyo. Chora mstari ulionyooka kama rula: huo ndio mpaka, uliochorwa na wakoloni kwenye latitudo ya digrii 1 kusini ya ikweta. Chini yake chora Mto Kagera ukipinda. Kati ya mstari na mto kuna kipande cha Tanzania kilichobaki upande wa pili wa maji. Kipande hicho ndicho Amin alichokivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ni cha Uganda, akitaka mto uwe ndio mpaka. Tarehe 3 Novemba wanajeshi wake wakalipua daraja la Kyaka ili jeshi letu lisivuke. Mjukuu wangu wa miaka tisa aliitazama ile ramani akaniambia, "Sasa waliokuwa huku juu wangetokaje?" Hakuna mwalimu aliyemfundisha kuuliza hivyo. Ni swali zima la vita vile.

Jibu la swali hilo ni zito na sikumficha. Wengi walikimbilia kusini kabla daraja halijaanguka, maelfu kwa maelfu. Waliochelewa walinaswa. Wanaotajwa kuuawa katika siku za uvamizi ni raia wapatao 1,500. Ng'ombe wa ranchi ya Missenyi waliswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Nilisema "waliuawa", sikueleza namna. Mtoto wa umri huo akihitaji zaidi atauliza mwenyewe, na ukimjibu kwa kifupi na kwa ukweli anatulia.

Pale Kyaka egesha mbali na daraja, uulize kwanza kwa askari kabla ya kupiga picha yoyote. Maji ya Kagera ni ya rangi ya udongo, yanakwenda kwa nguvu na yamebeba vipande vya mafunjo. Wajukuu walichagua fundo moja la mafunjo wakalifuata kwa macho, lilipotea kwenye kona kabla hawajamaliza kubishana nani angeweza kuogelea hadi ng'ambo. Nikawaambia mto huu una mamba. Wakanyamaza kidogo, kisha yule mdogo akauliza askari wetu walivukaje. Walivuka kwa daraja la muda la vyuma, walilofunga wenyewe Novemba hiyohiyo. Kilimani kuna magofu ya kanisa lililobomolewa kwa mabomu wakati wa vita. Wapeleke pia, ila wasipande kuta.

Kitu kilichowakaa zaidi hatukukipanga. Upande wa Bunazi, ng'ambo ya mto, tulinunua ndizi kwa mama mmoja, nikamweleza tunakotoka na tulichofuata, akatuelekeza kwa mzee jirani yake. Watoto walimpa shikamoo, akawakalisha kwenye benchi chini ya mwembe. Alikuwa kijana mwaka ule. Alisema waliondoka usiku wa manane, mama yake akakataa kuiacha cherehani, wakaifunga kwenye baiskeli yeye akasukuma hadi ng'ambo ya mto. Mjukuu wangu wa kike akauliza, "Babu, mliporudi mlikuta nini?" Mzee akaonyesha kwa mkono juu, kwenye paa la nyumba yake. Akasema, "Mabati hayapo. Milango haipo. Migomba ipo." Halafu akacheka, watoto nao wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. Tulimwachia sukari na sabuni. Mleta uzi, wazee wa namna hiyo wanapungua kila mwaka, na ndiyo maana nakuharakisha. Makaburi na mto utavikuta hata miaka kumi ijayo.

Mutukula, mpakani, tulifika tukaona malori yakipanga foleni, tukala, tukageuza. Mutukula ya upande wa Uganda jeshi letu, JWTZ, waliiteka Januari 1979, na kuanzia hapo vita viliingia ndani ya Uganda hadi Kampala ilipoanguka Aprili mwaka huo. Usivuke mpaka na wajukuu kama huna hati zao za kusafiria na barua ya wazazi. Lakini simama hapo hata nusu saa, kwa sababu hii: wajukuu wangu walikuwa wameanza kusema "Waganda" kama jina la adui. Pale waliwaona madereva wa Uganda na wa kwetu wanakunywa chai meza moja. Nikawaeleza kwamba waliotuvamia ni jeshi la Amin, kwamba Waganda wenyewe aliwaua wengi sana, na kwamba Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na askari wetu.

Kuhusu ndoto mbaya: usiku huo mjukuu wangu mdogo aliniuliza kama Amin anaweza kurudi. Nikamwambia alikufa Saudi Arabia mwaka 2003. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo, akageukia ukutani akalala.

Kaboya ni eneo la jeshi. Fika getini asubuhi, eleza nia yako kwa heshima, fuata utakaloambiwa, na picha usipige bila ruhusa. Kuna mnara mweupe wenye majina ya waliokufa. Sikuwahutubia watoto. Niliwaambia tu wasome majina kwa sauti ndogo, kila mmoja achague matatu. Walipogundua kwamba majina yanatoka kila pembe ya nchi, ya Kisukuma, ya Kimakonde, ya Kichaga, ya Kiislamu na ya Kikristo, mkubwa akaanza kutafuta ukoo wa darasani kwake. Nami nililitafuta la kijana wa jirani yetu. Tulikaa pale kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na hakuna aliyeomba soda.

Kwa msimu, kwepa masika. Likizo ya katikati ya mwaka ndiyo nzuri, barabara za pembeni zimekauka na watoto hawakosi masomo. Ukitaka kwenda karibu na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, uliza mapema utaratibu wa Kaboya. Na kama katika wajukuu zako kuna wa chini ya miaka sita, mwache kwa mama yake safari hii. Mwendo ni mrefu mno kwa mwili wake, na wewe unahitaji mikono miwili mitupu kwa ajili ya wale wanaouliza maswali.