Kabla umwite hakimu mvivu, shika daftari uhesabu siku

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kibanda changu kiko huku Eastlands, Nairobi, na mambo ya korti nimeyajua kwa kusukumwa tu. 2018 jamaa alinichukulia milango sita ya chuma na mageti mawili, akalipa nusu, hiyo nusu ingine akaanza kunizungusha mpaka nikampeleka mahakamani. Mashahidi tukamaliza mwezi wa tatu, tukaambiwa tungoje hukumu. Iliahirishwa mara saba. Unafunga kazi, unapanda mathree, unafika saa mbili unusu, unasoma karatasi imebandikwa mlangoni na selotepu, jina lako lipo, unakaa kwa benchi mpaka saa tano halafu karani anatoka na kusema tu "hukumu haiko tayari, chukueni tarehe ingine", na macho yake yako kwa simu.

Mara ya tano nilikuwa nishaamini hakimu amekula kitu. Benchi nzima iliamini hivyo, na kila mtu alikuwa na stori ya binamu yake. Sasa kando yangu alikaa mzee mmoja wa kesi ya shamba, ana daftari ya shule ile ya kurasa 96 imekunjwa katikati, akaniambia, "Kijana, unalalamika hivi na huna hata tarehe moja umeandika?" Nikamwambia mzee wangu nina zote kwa kichwa. Akaniuliza ya pili ilikuwa lini. Sikuwa nayo.

Nikanunua daftari. Na kwa sababu korti iko wazi kwa kila mtu, hata siku ambazo kesi yangu haikuwa inaitwa nikipita karibu niliingia nikakaa nyuma. Asubuhi moja nilihesabu kesi 27 kwa ile karatasi, zilizoendelea ni 5. Hizo 22 zilizobaki, 9 wakili hakuja au aliomba tarehe ingine, 6 shahidi hakufika na wengi wao walikuwa polisi, 4 faili haikuonekana, na 3 pekee ndizo zilikwama kwa sababu ya hakimu mwenyewe. Tatu! Yaani ningeandika kwa grupu ya mtaa kwamba hakimu ni mvivu ningekuwa nimemsingizia, na wale mawakili waliovaa tai vizuri wangeenda zao nyumbani bila mtu kuwagusa.

Lakini hukumu ni kitu kingine, hapo hakimu hana mtu mwingine wa kusingizia. Kanuni za kesi za madai za 2010, Amri ya 21, zinasema kesi ikishasikizwa hukumu itolewe hapo hapo au ndani ya siku 60, na zikipita, sababu iandikwe na nakala yake ipelekwe kwa Jaji Mkuu. Mimi nilikuwa siku ya 214. Hiyo namba moja ilinisaidia kuliko malalamiko yangu yote ya benchi, kwa sababu nilipoandikia ofisi ya Ombudsman wa Mahakama, ile inayopokea malalamiko kuhusu korti, sikusema "nanyanyaswa", nilisema mashahidi waliisha tarehe fulani, leo ni siku ya 214, hizi hapa tarehe saba. Hukumu ilisomwa kabla mwezi kuisha. Sisemi ni barua yangu ilifanya, labda ilikuwa zamu yangu tu.

Sasa watu wa ploti na vyama vya mtaa huwa wananiuliza wafanye nini ili wananchi wajue mahakimu wa hapa kwetu wanafanya kazi vipi. Jambo la kwanza, usihesabu nani alishinda. Kila kesi ina mtu anatoka akinung'unika, ukichukua manung'uniko ukayaita ripoti umeharibu kila kitu. Hesabu siku, hesabu saa korti ilianza, hesabu ni nini iliahirisha. Jambo lingine, hakimu akihamishwa anayekuja anarithi mafaili ya mwenzake, kwa hivyo ukiona faili ya 2015 mezani kwa mtu aliyefika juzi usimbebeshe.

Pili, mengi tayari yako nje, ni vile hatuyasomi. Jaji Mkuu kila mwaka anatoa ripoti ya hali ya mahakama, ndani yake kila korti ina kesi zilizoingia na zilizoisha. Kuna ile asilimia ya kumaliza kesi: zikiingia 100 na zikaisha 90 ni asilimia 90, maana yake rundo la kesi zinazongoja limeongezeka 10. Ukiona zaidi ya 100, wamepunguza rundo la zamani. Ila asilimia haikuambii kama kesi zimesikizwa vizuri ama zimefukuzwa haraka haraka ili hesabu ipendeze. Kwa hilo ingia tovuti ya Kenya Law, ni bure, soma hukumu zenyewe, na za Mahakama Kuu unapata jina la jaji na tarehe. Soma rufaa pia, hapo utaona jaji wa juu anasema nini kuhusu kazi ya hakimu wa chini, na wakati mwingine hawabembelezi.

Ya hakimu mmoja mmoja ndiyo ngumu kupata. Huko Colorado, Marekani, tangu 1988 kuna tume zinazopima majaji na matokeo yanafikia wapiga kura kabla waamue kama jaji abaki. Sisi hatupigii majaji kura, wetu wanaajiriwa na kuadhibiwa kupitia Tume ya Huduma za Mahakama, kwa hivyo namba zako zipeleke huko, au kwa kamati ya watumiaji wa mahakama ya korti yenu, ambayo watu wengi hata hawajui ipo.

Na hizo namba ziombe kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu uandike kwa Kiswahili, kuomba ni bure, na ofisi uliyoiandikia ina siku 21 kukujibu. Yangu ilikuwa mistari sita: jina, simu, korti gani, miaka gani, hukumu ngapi zimepita siku 60. Usiombe "habari zote", utaletewa maneno matupu. Na kesi ambayo bado inaendelea usiichambue mtandaoni ukiweka jina la hakimu, utaitwa kortini ueleze, na hapo daftari haitakuokoa.

Nilijibiwa siku ya 19, jedwali moja, jumla ya korti nzima bila kutenganisha hakimu na hakimu. Nimeandika tena. Ile pesa ya milango? Hukumu nilishinda, kulipwa ndiyo bado, lakini hiyo ni stori ya dalali wa korti, nitaileta siku ingine.